Lipu Juu ya Tope

Mama Neema,

Nakusalimu kutoka Haneti. Kanisa hili la pichani wamisionari walilijenga kwa matofali ya tope, yaliyokandwa kwa miguu na wanawake wa Kigogo. Siku hizi saruji imejaa madukani, mchungaji akataka tulipige lipu lipendeze. Bibi anayelifagia akatucheka: "Nyie mafundi, tope linapumua! Mbona mnaliziba pua?" Tukamzomea, tukaanza kupiga lipu. Mvua zikaja, maji yakanasa ndani, tope likalainika. Ukuta wa kushoto ukamwangukia Yohana, mwenzangu wa chumba. Tulimzika juzi.

Leo mchungaji ametuamuru tupige lipu ukuta uliobaki. Nimeweka mwiko chini. Nakuja mikono mitupu, mke wangu, lakini mzima. Wakumbatie watoto.

Baba Neema