Koti Jeupe Ulilomshonea Daktari

Kwako Mama, mwenye cherehani isiyopumzika,

Najua ungekuwepo ungeninyamazisha, pini zako zingali mdomoni. Sasa huwezi, na mimi hasira hii nimeimeza vya kutosha.

Unakumbuka siku niliyokuomba kopo la maziwa ya unga? Maabarani vioo vyangu vya darubini, vyenye vipande vya nyama za wagonjwa, vilikuwa vinageuka kahawia kote kote, pagonjwa na pazima, na maziwa huzuia rangi isishike pasipoihusu. Uliacha kukanyaga cherehani. "Yewe! Maziwa munamwagia nyama ya watu? Hii ndiyo masomo?" Kisha ukanipa kopo zima, ukacheka hadi majirani wote wa Kimisagara wakajua. Maziwa yakafanya kazi, rangi ikakaa mahali pake.

Ndipo ukaja uvimbe wako wa shingoni. Walikata kipande, kikaletwa mezani kwangu. Nikakiwekea kingamwili, dawa inayozitafuta seli tunazozishuku ili rangi izionyeshe. Pembeni nikaweka kipande cha koo la mtu mwingine, ambacho siku zote hugeuka kahawia. Huyo ndiye shahidi. Daktari, mkuu wetu, ndiye aliyenifundisha: "Kioo bila shahidi usikisome."

Kioo chako kilitoka bila doa la kahawia. Na shahidi naye hana doa! Dawa ilikuwa imekufa. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, na friji ya dawa wenzangu wameijaza Fanta zao, inafunguliwa kama mlango wa duka. Kipimo hakikusema lolote, Mama. Kimya si jibu.

Nikamwambia, "Dokta, hata kwa shahidi rangi haikushika. Tungoje dawa mpya, turudie."

Hakuinua uso. "Mama yako iko muzima. Unataka nini tena?"

Alijua! Hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa hajui ningemsamehe. Hakutaka wakubwa wake wasikie kwamba dawa imeharibikia mikononi mwake, basi akaandika kwamba huna saratani, akaondoka kwenda kula.

Nawe ukashangilia. Ukamshonea koti jeupe la shukrani, mifuko ukaipiga mishono miwili. Nilikusihi tupime tena, ukanijibu, "Oya, hapana, mwana wanjye. Mukubwa anajua. Usimuharibie jina." Nakukasirikia na wewe, Mama, nisikufiche. Heshima yako uliigawa kwa asiyeistahili, shingo yako ukaiacha iendelee kuvimba.

Dawa mpya ilipofika nilirudia peke yangu. Shahidi kahawia. Wewe kahawia. Nilikaa kwenye darubini nikalia kama mtoto. Wakati huo hata maziwa yalikuwa hayapiti kooni mwako. Nilimpelekea kioo kile, akakitazama, akakirudisha. Msibani hakuja.

Koti lako bado analivaa. Kila asubuhi linanipita ukumbini, safi, limenyooka, na mimi naijua mishono ile. Siku nyingine natamani kulichana.

Jana alijimwagia ile rangi ya vioo kifuani. Doa la kahawia, pana, juu ya mfuko wako wa kushoto. Akaja mbio mezani kwangu, analisugua kwa maji.

"Wewe unajua hii dawa. Inatoka na nini?"

Nilimtazama, Mama. Nikamwambia ukweli, kama alivyopaswa kukuambia wewe.

"Hii haitoki, Dokta."

Lala salama. Mimi sijanyamaza.

Binti yako, mwenye kopo la maziwa