Simu Ambayo Sikuipiga

Baba,

Shikamoo. Hitima ya arobaini yako ilisomwa Jumapili. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani na pilau ilitosha. Mimi nilikuwa nagawa sahani. Mashangazi walinitazama usoni wakitafuta machozi, hawakuyaona. Tangu Mama aliponipigia hapa dukani Dodoma kuniambia umeanguka ukitoka kutawadha na hukuinuka tena, sijalia hata mara moja. Nakula, nalala, nafungua duka. Nikiulizwa bei nataja bei.

Duka lipo. Akina mama wa maofisini Mtumba bado wanakuja kuchagua vitenge. Mzigo sasa nauchukua kwa tajiri mmoja mwenye karatasi zote za ushuru, kwa hiyo nauza ghali, na wananung'unika. "Zamani ulikuwa na vitu vizuri," mmoja aliniambia. Nikamjibu kwamba zamani baba yangu alikuwa hai. Akanipa pole, akanunua.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ulikufa unaliamini, na si kweli.

Nianze na Shabani, yule uliyekuwa ukimwita "mtu wa forodha." Mara ya kwanza alikuja na wenzake wawili kukagua maduka. Akashika kitenge, akauliza, "Dada, karatasi za ushuru za mzigo huu ziko wapi?" Nikamwambia ziko kwa bosi, na bosi yuko safarini. Jibu hilo ulinifundisha wewe nikiwa bado shule. Akaandika, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi peke yake, akanunua kitenge cha mama yake aliyeko Singida, akauliza, "Bosi amerudi?" Nikacheka. Ilianza hivyo tu.

Mwaka mzima alikuwa anakuja Jumamosi na zabibu kwenye mfuko, ananisaidia kukunja vitenge. Alikuwa anakunja vibaya, nikawa nakunja upya akishaondoka. Juu ya mzigo hakuniuliza tena. Siku moja tu alisema, bila kunitazama, "Mwajuma, najua yale magunia ya alizeti kutoka Kondoa yanafunika nini. Nimemwomba mkuu wangu asinipange barabara ile."

"Akikupanga?"

"Nitafanya kazi yangu. Halafu nitakukosa."

Nilimweleza Mama habari zake, naye akakueleza wewe. Nilidhani utagomba. Ulicheka kwenye simu, ukasema, "Vizuri. Ipo siku atatufaa." Na mimi nilicheka, Baba. Kicheko kile nakikumbuka kuliko mazishi yako.

Ikaja Jumanne ile. Ilikuwa saa nne asubuhi na nilikuwa na wateja wawili. Ukapiga, sauti yako iko juu. "Mwaju, wamesimamisha Fuso letu kwenye kizuizi cha barabarani. Wanashusha alizeti. Kijana wako ndiye mkubwa wao pale. Mpigie sasa hivi, mwambie ni mzigo wa baba yako, atuachie. Neno moja tu, mwanangu."

Nikasema, "Sawa, Baba."

Nilitafuta jina lake kwenye simu nikalipata. Kisha nikaiweka simu juu ya meza, nikaendelea kumkatia mteja kitambaa. Ulipopiga mara ya pili nilikwambia, "Nimemwomba. Amekataa."

Sikumwomba. Sikumpigia kabisa.

Usifikiri niliogopa kukataliwa. Nilijua atakubali, hata kama alisema atafanya kazi yake. Angesikia sauti yangu, angewaambia wenzake wapakie magunia, na kabla ya mwezi kwisha angekuwa hana kazi, labda yuko ndani. Nikaona afadhali wewe ukose gari. Niliamua hivyo nikiwa nimeshika mkasi, nikamalizia kukata.

Gari likataifishwa na mzigo wake. Wewe ukapona kwa kulipa faini, ukarudi kulima ulezi. Hukunilaumu. Ungenilaumu ningepumua. Sikukuu ya Idi ulinikalisha karibu yako, ukanimegea nyama kwa mkono wako, ukasema, "Wewe ulijaribu. Ubaya ni wake." Nikaila ile nyama.

Na Shabani alipotuma wazee kuleta posa, uliwarudisha. Ulisema, "Mwanamume aliyekataa ombi moja la binti yangu wakati bado anamtaka, akishamuoa atamfanyia nini?" Wazee wakampelekea maneno hayo. Shabani akaja kuniuliza, "Ombi gani?" Nikamwambia sijui.

Nimewadanganya wote wawili, Baba. Wewe kwanza, yeye baadaye.

Kwenye mazishi alikuja. Alisimama nyuma ya watu, zamu yake ilipofika akatupia udongo kama wengine. Kaka zangu walimtazama kama mwizi. Alasiri nilimfuata stendi, nikamweleza yote kabla basi halijaondoka. Kondakta akamwita.

"Ungenipigia, ningewaachia," akasema.

"Najua."

Akapanda. Wiki nyingi hakupiga simu, na sikumtafuta.

Jumapili, wageni wa hitima walipotawanyika, nikamwita Mama na baba mdogo chumbani nikawaambia. Baba mdogo alisema "Astaghfirullah," akageukia dirishani. Mama hakushtuka. Alisema, "Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake alipokupigia. Moyoni nilikuwa naomba usimpigie." Kisha akarudi nje kutenganisha sufuria zetu na zile za kuazima.

Kumbe tulikuwa wawili, na kila mmoja alinyamaza kivyake.

Jana Shabani alikuja dukani. Alikaa kwenye benchi la wateja mpaka adhuhuri, ndipo akasema atatuma wazee tena kama bado nataka. Nikasema nataka. Sikusikia furaha, nikamwambia hivyo. Akasema hata yeye hasikii kitu, lakini atakuja tu. Baba mdogo ameahidi kuwapokea na kukaa mahali pako siku ya nikaha.

Radhi siwezi kuiomba, maana Jumanne ile ikirudi nitafanya vilevile. Nataka tu ujue. Yule kijana hakukukataa. Aliyekukataa ni mimi.

Nakuaga, Baba. Mungu akupanulie kaburi hapo ulipo, asikuulize kwa ukali. Nikijaaliwa watoto, nakuahidi watajua kwamba babu yao alipitisha magendo, na kwamba magendo hayo ndiyo yaliyonivalisha na kunisomesha. Nitawaambia yote mawili kwa pamoja. Kwa ajili yako nimesema uongo tangu utotoni. Juu yako sitausema.

Mwanao,
Mwajuma