Helmeti Ikishafungwa, Hakuna Mkwe

Odhiambo wangu, mume wangu, mwalimu wangu,

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu upande treni kwenda Nakuru, na siku ya ishirini na nane tangu niitwe mke wako. Mama Achieng' wa chumba cha pili ananicheka. "We bibi arusi, utachoka kuhesabu." Sijachoka. Nikiamka naangalia misumari yako ukutani, ule wa koti na ule wa kofia, halafu nafurahi peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza nilisoma pale unaposema unanikosa. Mara ya nne nikasoma ule ukurasa wa pili, na furaha ikapungua. Unasema mwanafunzi wako mpya ni mkubwa wa kampuni iliyokuajiri, kwamba hapendi kuvaa helmeti kwa sababu inanuka, na kwamba akikosea kwenye kona hupendi kumpigia kelele kwa kuwa ni mtu mzima na ndiye anayekulipa. Umeandika, "Nitamwambia polepole, atazoea."

Odhiambo, ni wewe umeandika hivyo?

Barua hii nitaipiga taipu nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili nitaibandika hapa klabu ya magari, juu ya rafu ya helmeti, ili walimu wote wanaokaa kiti cha kushoto kando ya mwanafunzi waisome kabla ya kuingia uwanjani. Wakicheka, wacheke. Mapenzi yangu kwako si siri hapa Kisumu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponisemesha? Nilikuwa nimetoka shule na cheti changu cha kidato cha nne, nikaandikwa karani wa klabu ya magari. Nilidhani nitakaa ofisini na taipureta. Kumbe kila Jumamosi nilipelekwa kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani upande wa Muhoroni, mlikokuwa mkifundisha watu kuendesha magari ya mashindano, nitunze vyombo: helmeti sita, mikanda ya viti, kizima moto kimoja na bendera mbili. Ulinikuta ninafua vitambaa vya ndani ya helmeti kwa sabuni ya kipande na kuvianika kwenye nyasi. Ukasema, "Dada, tangu niijue klabu hii, wewe ni mtu wa kwanza kufikiria vichwa vyetu." Nilikupenda hapo hapo. Sikukuambia kwa miezi mitano, lakini ni hapo.

Na wale vijana wenye nywele kubwa kama kiota! Helmeti ilikaa juu ya nywele kama sufuria juu ya mafiga. Mmoja alikataa kabisa kuzipunguza. Nikamwambia, "Kijana, chagua. Tulinde nywele au tulinde kichwa?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Jumamosi iliyofuata alikuja amenyoa, akaniambia nimemwachanisha na mpenzi wake.

Shida yenu kubwa ilikuwa kusikilizana. Gari limetolewa viti vya nyuma na mazulia, injini inanguruma, kokoto zinapiga chini, na masikio yamefunikwa. Mwanzoni ulikuwa unagonga dashibodi: mara moja punguza, mara mbili breki. Halafu ukaja na ule mpira wa maji wenye faneli, wewe unaongea upande huu, mwanafunzi anasikia upande ule, na mate yako yanamfikia pia. Mwishowe fundi redio wa mjini akakutengenezea kisanduku cha betri kwa vipande vya redio kuukuu, chenye maiki ya kukaa mbele ya mdomo wako na visikizio vya kuingia ndani ya helmeti. Ulikibeba kisanduku kile kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilikionea wivu kidogo.

Sasa nije kwenye siku ile. Najua hupendi niikumbushe, lakini nitaikumbusha.

Ulikuwa umeshakwenda kwetu Kondele na wazee wenu, ng'ombe wa mahari wameshazungumzwa. Baba, kama unavyomjua, anauza vipuri vya magari na maisha yake yote ametamani kushindana. Akasikia kuna uwanja. Akaja na gari lake, Pijo. Nilimfunga kamba ya kidevu mimi mwenyewe, naye akalalamika kwamba namnyonga. Ilikuwa bado ina kiti cha nyuma, kwa hiyo nikaomba nikae huko, nikapewa helmeti ya tatu yenye visikizio bila maiki. Nilikuwa na furaha kiasi gani! Watu wawili ninaowapenda kuliko wote duniani, mbele yangu, na sauti yako moja kwa moja masikioni.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili Baba akakanyaga mafuta. Kona ya kwenye miwa ikatukimbilia. Nikakusubiri useme lile neno ulilowasemea wanafunzi wote. Badala yake nikasikia hivi:

"Mzee, samahani sana, kama hutajali, pale mbele kuna kona kidogo, naona kama ingekuwa vizuri tuka..."

Hukumaliza. Tulikuwa ndani ya miwa.

Nakumbuka injini ilivyozima. Majani yamejaa kioo chote. Nilikuwa nimekuona kichwa chako kikigonga chuma cha mlango, nikasikia mlio wake, na kwa muda wa pumzi mbili sikujua kama nina mchumba. Kisha ukageuka ukaniuliza, "Umeumia?" Helmeti ilikuwa imepasuka juu ya sikio. Kichwa kilikuwa kizima.

Mama mwenye shamba akatokea na panga mkononi, akatuangalia mmoja mmoja. "Hiyo miwa haijakomaa," akasema. "Mbona mnavuna?"

Baba akakugeukia wewe. "Kijana, ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nakuomba ufunge breki, Mzee."

"Unaniomba! Nimekuja hapa kuombwa? Wengine unawaambia nini?"

Ukainamisha macho. "Wengine nawaambia breki."

"Na mimi je?"

"Wewe ni baba wa Akinyi."

Mpenzi wangu, kila mtu kwetu angekuelewa. Mkwe hamwamuru baba mkwe hata kukaa kwenye kiti. Wewe hata chakula kwetu ulikuwa unakila kama mtu anayeiba. Hukuwa na kosa la ujinga, ulikuwa na kosa la malezi mazuri. Lakini malezi yale yalitaka kutuua watu watatu, na binti yake Baba akiwa mmojawapo.

Gari lilipovutwa nje, Baba alirudi kwenye usukani na kukuita kitini pako. Injini imezimwa. "Niamuru," akasema.

"Breki," ukanong'ona.

"Sisikii. Nimevaa helmeti."

"Breki, Mzee."

"Mzee yuko Kondele, anauza vipuri. Hapa yuko nani?"

Ndipo ukafoka "BREKI!" mpaka nikaumia masikio kule nyuma, na mguu wa Baba ukashuka wenyewe. Akatabasamu. "Ndiyo, mwalimu. Sikiliza. Kamba ya kidevu ikishafungwa, hakuna mkwe. Ikifunguliwa, nirudishie heshima yangu."

Mlizunguka mara sita siku ile, na ulimfokea mara zote sita. Aliposhuka ulifungua kamba, ukarudi nyuma hatua mbili, ukainamisha kichwa. "Samahani sana, Mzee." Usiku ule nyumbani alimwambia Mama tarehe ya harusi ipangwe.

Ile helmeti iliyopasuka ninayo. Niliiomba klabuni, nimeiweka juu ya kabati. Mama Achieng' aliniuliza ni chombo gani cha kupikia. Nikamwambia ndiyo iliyonipa mume.

Na maiki yako uliyoiacha imeharibika, fundi ameshaitengeneza. Alinitaka niijaribu wakati yeye anasikiliza chumba cha pili, nikahesabu moja mpaka kumi kwa adabu. Kesho naituma kwa treni pamoja na vitambaa vipya vitatu vilivyofuliwa. Mpe mkubwa wako kimoja, kisichonuka kichwa cha mtu mwingine, asipate sababu. Msomee barua hii ukitaka. Akikubali kufungwa kamba na kuamriwa kwa neno moja kama Baba alivyokubali, mfundishe kwa moyo wako wote. Akikataa, shuka garini, chukua mfuko wako, panda treni. Dagaa wetu wa omena wapo, mshahara wangu upo, na kitanda chetu ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Sikuolewa na kazi ya Nakuru. Niliolewa na kichwa kile kilichotoka kizima kwenye miwa.

Mke mwema hamwamuru mume wake, najua. Ndiyo maana nimeishusha helmeti ile kabatini, nimeivaa, na kamba nimeifunga barabara. Hapa hakuna mke.

Funga mkanda. Foka. Rudi.

Kamba nimeifungua sasa. Samahani sana, mume wangu.

Mkeo,
Akinyi, binti wa Kondele