Nilimwambia Mama Mpaka Umefungwa

Dada Zuhra mpendwa, nisaidie, maana kosa nimelifanya mwenyewe na sina wa kumlaumu. Mama yangu alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, hapa Kibondo amezaa, amelima na uraia amepata, lakini dada yake Uwimana alibaki Ruyigi na hawajaonana tangu siku hiyo, na sasa nyonga hazimruhusu mama kukaa kwenye kiti, kwa hiyo mume wangu Makarius akanunua Coaster kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na pipa la maji la lita mia mbili, nyumba kabisa yenye magurudumu, na mama akaongeza magunia matatu ya maharage ya kumpelekea dada yake. Kwenye mizani tukaambiwa ekseli ya nyuma imezidi uzito, tukayashusha magunia yote kwa shemeji. Nilikuwa nimesikia mpakani wanadai kadi ya njano, basi nikatupeleka sote kuchanjwa homa ya manjano, na afisa aliposema, "Kadi ya njano ya gari," nikamkabidhi kadi zetu tatu kwa kujiamini, akazigeuza, akasema, "Mama, hizi ni za watu. Gari nalo mmelichoma sindano?" Foleni nzima ikacheka. Tukageuza. Mama akauliza kutoka kitandani, "Mwana wanje, mbona tunarudi?" nami kwa aibu nikamjibu mpaka umefungwa. Ni miezi miwili sasa, hajauliza tena, ila kikapu chake cha safari hajakifungua. Makarius naye anasema kule wanaendesha upande wa kulia na hathubutu. Nifanyeje?

Esteri, Kibondo

Esteri mdogo wangu, pole. Nilicheka, halafu nikafika kwenye kikapu na kicheko kikaniishia. Kuchanganya kadi si dhambi. Kumfungia mama yako mpaka ambao serikali haijaufunga, hapo nakugombeza.

Sasa sikiliza. Kadi ya njano ya gari ni bima ya kuvukia mpaka. Nenda kwa aliyewakatia bima ya Coaster, mwambie mnakwenda Burundi, tena usimfiche kwamba viti vimetoka na kitanda kimeingia, kwa sababu bima ya gari la abiria inaweza kuwakana siku ya ajali. Kadi za chanjo zitunze, nazo huulizwa. Hilo pipa limwageni: lita mia mbili ni kilo mia mbili, na mmezibeba kama vile Ruyigi hakuna maji. Badala yake chukueni gunia moja la maharage, likae mbele, mpime tena kabla ya kuondoka, kwa sababu mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo. Makarius amtafute dereva anayevuka kila wiki, akae pembeni yake amwelekeze. Kuuliza si ujinga.

Hayo ni ya wiki moja. La leo ni mama. Unadhani hajui? Hapo mlangoni kwenu hupita wauza ndizi waliotoka Ruyigi asubuhi hiyo hiyo, na mama yako anaongea nao lugha yake. Anajua mpaka uko wazi. Amenyamaza ili wewe usiaibike. Kaa naye kitandani pake, umwombe radhi, na usiinuke kabla hujamtajia siku ya safari.