Mkono Uliobaki Hewani

Mama,

Sijui kama mkwe anaruhusiwa kumwandikia mama mkwe barua baada ya mazishi yake. Mila ya kwetu inasema nisikupe mkono, nisikae karibu nawe, nisile mbele yako. Kuhusu barua haikusema kitu, basi naandika. Ukiona nimevuka mpaka utanisamehe, kama ulivyonisamehe asubuhi ile nilipotokea jikoni nimevaa kaptula, nisijue kwamba umeamka.

Tangu tukusindikize kaburini Vihiga mengi yamebadilika huku ughaibuni, Thornton Heath, na sipendi yanakoelekea. Nianze na kiti chako. Kipo palepale karibu na mlango katika nyumba ya ibada ya Marafiki, dhehebu letu, na hakuna anayekikalia. Wazee waliniomba nishike kazi yako ya kufunga ibada. Mara ya kwanza nilikataa, ya pili nikakubali, ila kiti chako sikukigusa. Nakaa cha pembeni yake.

Unakumbuka ulivyoishangaa ibada yao mwanzoni? Ulikuja kumlea Minayo akiwa mchanga, na Jumapili ya kwanza ukatutoa nyumbani mapema, kitabu cha nyimbo mkobani, ukisema Marafiki ni Marafiki popote. Tukaingia. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna ngoma. Watu wamekaa mduara, kimya. Ukamnong'oneza Violet, "Hawa wamelala au wamefiwa?" Nusura binti yako aangue kicheko. Mwishowe mzee mmoja akamgeukia jirani yake akampa mkono, wengine nao wakapeana mikono, na chai ikaletwa. Ndivyo wanavyofunga. Bila mkono ule wa kwanza hakuna anayeinuka, hata muda upite.

Baadaye walikuchagua wewe uwe wa kutoa mkono huo. Nami nikahamia upande wa pili wa mduara, isije ikatokea siku ukageuka ukanikuta mimi. Wewe uliyebishana na wakuu wa shule na diwani, mila hiyo moja hukuibishia. Kila Jumapili mkono wako ulinifikia kupitia kwa watu wengine. Siku hizi nauwaza sana.

Sasa nikueleze ya bendera za Waingereza. Zilianza kama mzaha. Unajua dereva wa basi anaiona barabara yote. Niliona moja kwenye nguzo ya taa, kesho yake nguzo ya pili na ya tatu, na leo njia yangu nzima inapepea. Bendera si dhambi. Lakini hakuna mpira unaochezwa, na wanaozitundika hawacheki. Siku za chakula cha wakimbizi wanaume fulani husimama ng'ambo ya nyumba ya Marafiki na simu zao, wanawapiga picha watu wanaotoka hotelini walikohifadhiwa kuja kula maharagwe. Bado tunayapika kwa njia yako, na nazi ya kopo kutoka Peckham. Hawajamgusa mtu. Wanapiga picha tu, na juma linalofuata wanakuja wengi zaidi. Dalili ya mvua ni mawingu, Mama.

Baadhi ya Marafiki wanataka tuwe tunafunga mlango kwa ndani. Nimewaambia ulituachia neno, mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni haji kwenye mlango wenye komeo. Walinyamaza. Ukimya wao nao una aina nyingi, nami bado najifunza kuutambua.

Jambo lenyewe lililonifanya nichukue kalamu ni Minayo.

Ulikuwa ukinisimulia habari za baba yako mdogo, aliyechukuliwa shuleni wakati wa vita vya Wazungu. Askari walifika misheni na tarumbeta na biskuti, wakapiga bendi uwanjani, na jioni wavulana wakubwa hawakurudi nyumbani. Wengine walirudi baada ya vita. Yeye hakurudi. Bibi yako alimwekea sahani mezani mpaka alipofariki yeye mwenyewe. Ndiyo maana ulikuwa ukisema, "Mgeni akiingia shuleni na zawadi kabla hajasema shida yake, hesabu watoto." Na ndiyo maana tulisimama mimi na wewe nje ya shule ya Minayo kwenye baridi ile, wewe na leso kichwani, sote makaratasi mkononi, tukiwaambia wazazi kwamba jeshi la hapa linachukua watoto wa miaka kumi na sita. Wewe upande huu wa geti, mimi upande ule, kwa sababu ya mila. Watoto walidhani tumegombana.

Ulipofariki, watu wa jeshi walirudi shuleni. Hawakuja na tarumbeta. Walileta ukuta wa kukwea na kalamu na chupa za maji. Aliyezungumza na watoto alikuwa dada mweusi aliyesuka nywele vizuri, mwenye tabasamu zuri, na Minayo alimsikiliza hadi mwisho. Alirudi nyumbani na chupa ya kijani. Akaiweka mezani, mahali ulipokuwa ukiweka kikombe chako, akasema anataka kujiunga.

Nilidhani ni mambo ya ujana. Nikamuuliza kama ni mshahara, kama ni kusafiri, kama kuna rafiki yake anakwenda. Akatikisa kichwa. Unajua huwa tunamsemesha Kiswahili naye anajibu Kiingereza, lakini siku hiyo alijikakamua akasema kwa lugha yetu, polepole, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Nikivaa ile uniform, Dad, hakuna atakayeniuliza nimetoka wapi."

Ndipo nikajua. Juma moja kabla, alikuwa mlangoni kwa Marafiki akigawa sahani, na mmoja wa wale wanaume akamwambia arudi kwao. Kwao ni wapi? Amezaliwa hapa hapa, Croydon. Hakuwa amemwambia mtu. Alilibeba neno hilo hadi shuleni, na shuleni akawakuta watu wanaogawa nguo ambazo mwenye kuzivaa haambiwi hivyo. Nilikasirika, Mama, nikakosa mtu wa kumkasirikia. Tulikuwa tumeulinda mlango mmoja, naye akatokea wa pili.

Kwa umri wake hawamchukui bila ruhusa ya wazazi. Violet alilia, kisha akachoka. Anafanya zamu wodini, anarudi amevimba miguu, na huyu mtoto anamngoja sebuleni na hoja zake. Mwishowe akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Mimi sina nguvu tena. Baba yake ni wewe." Nikamjibu kwamba aliyetunga methali hiyo huenda si yeye aliyefunga kidonda. Akachukua mkoba wake akaenda kazini. Basi neno likabaki kwangu peke yangu.

Nilimwomba Tesfay azungumze naye. Humfahamu, alikuja baada yako. Ni kijana wa Eritrea, anatusaidia kuosha masufuria. Kwao mwaka wa mwisho wa shule unamalizikia kwenye kambi ya jeshi, na wengi huko kambini hawatoki. Yeye alitoka kwa kutoroka. Nilitaka amtishe. Hakumtisha. Alimuuliza tu kama kuna mlango wa kutokea, akibadili nia. Minayo akajibu upo, wameeleza vizuri, hadi afikishe miaka kumi na minane anaweza kuacha. Tesfay akaendelea kusugua sufuria. "Good," akasema. "Us also, they told us door." Nao pia waliambiwa mlango upo. Basi. Minayo aliondoka jikoni bila kuaga.

Akaniambia atangoja jibu langu Jumapili, baada ya ibada. Sijui kwa nini alichagua hapo. Labda kwa sababu yako.

Jumapili hiyo alikuja, Mama, akavuka mduara wote akaenda kukaa kwenye kiti chako. Wazee walinitazama, nami nikaketi changu cha pembeni yake. Kwa hiyo wa kupewa mkono wa kwanza akawa yeye. Ukimya ukaanza. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyotaka, na kwa nje tulisikia sauti za watu, wachache, kisha wengi, na mmoja mwenye kipaza sauti. Wageni wetu wa hotelini walikuwa ndani nasi. Mama mmoja alimvuta mtoto wake mapajani.

Muda wa kufunga ulifika. Sikutoa mkono. Nitakuambia ukweli, niliogopa. Maadamu ukimya ulikuwepo, alikuwa mtoto wangu ameketi karibu nami na hajaambiwa lolote. Nikimpa mkono, nitalazimika kusema. Watu wakaanza kujitikisa vitini. Niliendelea kukaa. Niliomba, kwa Kimaragoli, kwa sababu Kiingereza changu hakifiki huko.

Ndipo mwanaume mmoja akaingia. Alisimama kizingitini ameinua simu, akitupiga picha mmoja mmoja, akikawia kwenye nyuso za wageni. Naye nadhani alitarajia kelele, na ukimya ule ukamchanganya.

Minayo akainuka. Nilifikiri anakwenda kumfukuza. Alisimama mbele yake na kumnyooshea mkono, vilevile ulivyokuwa ukifanya wewe, kiwiko kikiwa chini na kiganja wazi. Kufunga ibada. Yule mtu akautazama. Akaishusha simu mpaka kwenye mkono ule, akaupiga picha kwa muda mrefu, kisha akarudi nje akicheka.

Mkono ukabaki hewani. Minayo hakuushusha. Aligeuka akanitazama mimi.

"Umeona?" akasema.

Niliinuka nikaenda nikaushika. Ulikuwa wa baridi, Mama, baridi kama ya chuma. Nyuma yetu watu wakaanza kupeana mikono, na nikasikia vikombe. Nikamwambia nimeona, na jibu langu ni hapana. Nilimwambia nguo haiwezi kumnunulia kwao. Nilimwambia ningemjibu yule mtu mimi mwenyewe kama ningejua la kusema. Alinisikiliza bila kuvuta mkono. Macho yake yalikuwa yako kabisa, yale ya siku ulipobishana na mkuu wa shule.

"Okay, Dad," akasema. "Nitangoja. Kumi na nane si mbali."

Hajapandisha sauti tangu siku hiyo. Ni msaidizi, anaosha vyombo, anamkanda mama yake miguu. Violet anadhani yamepita. Lakini chupa ya kijani ingali mezani, na kila asubuhi kabla ya shule anavaa raba anakwenda kukimbia, chini ya bendera zile, mvua au jua. Kila siku anakwenda mbali zaidi kidogo. Mimi nakaa kwenye ngazi nimeshika viatu vyangu vya kazi, hadi nisikie ufunguo wake mlangoni. Ndipo natoka kwenda kwenye basi.

Sitakudanganya kwamba nitamzuia. Siku itafika ambayo ruhusa yangu haitatakiwa. Ninachokuahidi ni hiki: mlango wa Marafiki hautafungwa nikiwa hai, nitaendelea kusimama getini upande wangu na upande wako nitauacha wazi, na kila asubuhi nitahesabu watoto. Nina mmoja tu, hesabu yake si ndefu. Leo alikawia kurudi, nikahesabu mara nyingi.

Lala salama, Mama. Hapa hakuna anayeona, na mila haitakufuata huko uliko. Huu hapa mkono wangu.

Mkweo,
Baba Minayo