Maswali Badala ya Dawa

Kisiwani Vamizi, Msumbiji, Juni 1969

Kaka Shaweji,

Salamu nakupa kwa sababu dini imeniamuru. Mhogo upo, ila kuku wako, masoldado, hao askari wa Kireno, wamewala wote.

Bi Zainabo mchuuzi kavuka bahari kutoka Mtwara na bahasha yako kaifunga kiunoni, roho mkononi. Nikadhani ni dawa ya kifua ya mama niliyokuomba. Kufungua, nakuta maswali ya mtihani wako ujao wa Kiingereza! Eti nikuchagulie kitenzi kinachopatana na kiima, nikupangie maneno yawe ya umbo moja sentensi nzima, usije ukakosa nafasi ya kusoma ng'ambo. Huna haya? Shuleni Mtwara ulikuwa ukichungulia daftari langu, na baba aliponirudisha huku nimuuguze mama, hukusema neno. Tangu hapo majibu yangu ndiyo yanayokupandisha darasa.

Maswali nimeyajibu yote, lakini karatasi hizo hutaziona. Mama tumemzika Ijumaa. Hapa sina tena wa kumuuguza, na Bi Zainabo amekubali kurudi nami Mtwara. Mwambie mwalimu wako aniwekee kiti. Mtihani huo naufanya mwenyewe.

Nduguyo,
Biubwa