Viazi vya Siku ya Nne

Baba Deo,

Usinikunjie uso huko uliko, maana mwenye haki ya kukunja uso ni mimi. Nimemkalisha Koku kwenye kiti chako. Ndiyo, Koku, mjukuu wako, msichana wa miaka kumi na mitatu. Kiti kile ambacho hata mimi mke wako wa ndoa ya kanisani nilikikalia tu ukiwa umekwenda mnadani Kamachumu. Najua umezungukwa na ukoo wako wote na mnanisema. Semeni. Mkimaliza, unisikilize ilivyokuwa.

Shule yangu unaijua, katekisimu na miaka miwili ya kuandika. Hii ni penseli ya Nesta. Nikikosea herufi vumilia, mimi nilikuvumilia miaka arobaini na moja.

Naanza na siku ya jua, kwa sababu bado sijakusamehe.

Tulikuwa msibani kwa jirani Anselmi. Na lini miaka ile hatukuwa msibani? Ugonjwa wa kukonda ulishamchukua mwanetu Deo na mkewe, ukatuachia Koku na mdogo wake Nesta, na siku ile ulikuwa umemlaza Adela, binti wa Anselmi. Kijiji chote kilikuwa kimekaa kwenye majani uani. Wewe na wenzako mlikuwa kaburini mnachimba. Jioni iliyotangulia mbingu ilikuwa nyekundu hata upande wa mashariki, na redio ya Anselmi ilikoroma tu kama mzee mwenye pumu. Mkasema ni betri. Asubuhi hiyo nikaona kuku wanapanda kulala saa nne. Jua likawa jeupe, jeupe kama bati jipya, na majani ya migomba yakaanza kujikunja nikiyatazama.

Nikasimama. Nikamshika Koku mkono mmoja, Nesta mkono mwingine. Wanawake wakacheka chini chini, wakasema Ma Deo amesikia mizinga tena, kwa sababu wakati wa vita mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuingia handakini, sufuria kichwani. Waliocheka wote wamekufa, siwasemi.

Wewe ukatoka shimoni ukajifuta udongo, ukasema mbele ya watu wote: "Kaa chini, mama. Maiti haachwi juu ya udongo."

Nikakujibu kwamba Adela ameshakufa, hana haraka. Twende. Hukunitazama. Ukainama kumpokea Adela.

Nilikuita mara moja tu. Mwanamke aliyekaripiwa mbele ya kijiji haiti mara ya pili, ndivyo kiburi changu kilivyoniambia. Nimeliandika hilo, na sitaliandika tena.

Tukaingia kwenye handaki letu, hilo hilo ulilolichimba mwenyewe askari wa upande wa pili walipovuka mto, ukaliezeka kwa magogo na udongo, na vita vilipokwisha ukalifanya mahali pa kuivishia ndizi za rubisi. Tulikaa humo na harufu ya pombe yako. Nilisali rozari tatu. Ya nne sikuimaliza. Joto lilikuwa la tanuru, magogo yakalia, Nesta akanikojolea miguuni. Kisha pakawa kimya, hata nzi hakuwepo.

Tulipotoka tulikukuta ukingoni mwa kaburi. Unajua kinachoniuma? Ungebaki mle shimoni ungekuwa hai. Kaburi lilikuwa refu, ninyi wenyewe mlijisifu kwamba ni refu. Lakini ulipanda juu ili umpokee msichana wa watu kwa heshima. Heshima yako hiyo, Baba Deo! Watu wangapi tungewaokoa kama mwanamume mmoja mwenye kusikilizwa angesema, jamani, tumwache Adela kidogo tujifiche? Walikuwa wanakutazama wewe. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Mwanamke hachimbi kaburi. Haya. Tulimshusha Adela tukamfukia, kazi yenu tukaimalizia sisi, mimi na Koku. Wewe nikakataa ulale kwenye kibanja cha watu kama mgeni asiye na kwao. Tulikuburuta kwenye mkeka kilima kizima, tukapumzika mara saba. Ulikuwa mzito. Ndiyo shukrani ya kukulisha vizuri. Ukalala nyuma ya nyumba, karibu na Deo. Wengine wote wa kijiji tuliwafunika kwa udongo kiasi tulichoweza, na wengine hatukuweza.

Siku ya pili akatokea mdogo wako Pastori. Alikuwa amelala ghalani, katikati ya magunia ya kahawa, na pombe yake kichwani. Hivyo ndivyo Mungu alivyochagua. Akalia, sikatai, akalia sana. Kisha akatandika majani sebuleni, akakaa, akatangaza kwamba jembe halitagusa udongo wa kibanja hiki mpaka msiba uishe, na msiba hauishi mpaka mrithi akalishwe kwenye kiti. Ndiyo desturi, hata mimi naijua. Nikamuuliza, mrithi ni nani? Akasema mwanamume wa nyumba hii aliyebaki ni yeye. Nikamuuliza, na wewe utakalishwa na nani? Akasema wazee wa ukoo. Nikamuuliza wako wapi. Akajilaza.

Kwa hiyo tulikuwa na msiba usioweza kuisha. Fikiria, wewe mtu wa kufikiri. Na ninyi wanaume mlishawahi kuzipunguza siku za matanga wenyewe, vijana walipokuwa wakifa mfululizo, kwa sababu mliona mashamba yanaota magugu na watoto wana njaa. Mlikaa mkazipunguza. Mkiwa ninyi ni busara, nikiwa mimi ni mwiko.

Mtungi wa maharage ulikuwa umebaki nusu. Migomba ilikuwa imesimama imeungua kama watu waliovaa matambara. Siku ya nne nikachukua jembe.

Koku akaushika mpini. Akaniuliza, je, babu atakasirika? Nikamwambia: "Akikasirika, aje alime."

Nikachimba chini ya mgomba, pale nilipokuwa nimetandaza nyasi mwezi uliotangulia na wewe ukasema nazidisha. Shina lilikuwa jeupe, na maji ndani. Halijafa. Lakini mgomba unataka mwaka na zaidi, na tumbo la Nesta halina mwaka. Tukashuka bondeni kwenye chemchemi, chini ya jabali, tukakuta kamba za viazi ambazo moto haukuzifikia. Tukapanda alfajiri na jioni, mchana tukarudi handakini, maana jua hili halijawa rafiki. Pastori alikaa mlangoni akitulaani kwa jina la baba yako. Alisema tunalitemea mate kaburi lako. Nikipika maharage, na baadaye majani ya viazi, alinyamaza, akanyoosha bakuli. Alilaani mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bakuli halikukosa hata siku moja. Siku ambazo chakula hakikutosha, aliyelala bila kula ni Koku.

Mwezi wa nne tukachimba viazi. Nikapika chungu kimoja, nikampelekea Pastori vitatu. Akala, akaomba cha nne. Nikasubiri ameze.

"Vitamu?"

"Vitamu, shemeji."

"Vilipandwa siku ya nne ya msiba. Mwiko umeuvunja kwa meno yako mwenyewe. Sasa sikiliza. Mzee wa ukoo aliyebaki ni wewe peke yako, na mzee hajikalishi mwenyewe kitini. Simama umkalishe mtu, au uendelee kulala hapo mpaka tukufunike."

Akasema yale ambayo na wewe ungesema, kwamba msichana ataolewa na kibanja kitakwenda kwa watu wengine.

Nikamwambia, "Kwa watu gani, Pastori? Nionyeshe."

Akageuka akatazama vilima, mpaka upande wa ziwa. Hapakuwa na moshi hata mmoja. Akatazama sana. Siku hiyo ndipo alipolia kilio cha mtu mzima, si kile cha mara ya kwanza cha pombe. Nikamwacha alie.

Kisha akainuka, akayakusanya majani ya msiba akayatoa nje mwenyewe. Akaoga. Akatunyoa nywele sote, Nesta akapiga kelele. Akachukua muhoro wako, ule wa kupogolea migomba, akamkabidhi Koku, akamshika mabega akamkalisha. Akapiga goti, mzee mzima, akamwamkia kama alivyokuwa akikuamkia wewe: "Kasinge, waitu." Koku hakujua aitikie nini. Akasema asante.

Basi huyo ndiye mwenye nyumba. Na usidhani nimemkalisha ili nimtawale, nilidhani hivyo mimi pia. Juma lililopita alipanda kilima mwanamke mmoja kutoka ziwani, mkausha samaki wa visiwani. Alijificha pangoni, mume na watoto waliangamia mtumbwini. Kabila lake silijui, Kihaya chake ni cha kuokoteza. Anasema alipita Bukoba mjini, mtaa kwa mtaa, akaona moshi wa jiko kwenye nyumba tatu. Nikampa viazi, nikamwonyesha njia ya kuendelea. Koku akasema hapana. Akampa mahali pa kujenga, upande wa kahawa. Na akamwambia siku akifa atazikwa hapo hapo, kwenye kibanja chetu. Mgeni! Kwenye udongo wa Deo na wako!

Nikamfokea. Nikamwambia babu yako angeinuka kaburini. Akaniacha nifoke mpaka nikachoka, halafu akaniuliza taratibu: "Bibi, na sisi akina nani watatuzika?"

Nikahesabu. Wewe pia hesabu, usijifanye huoni. Nesta ana miaka sita. Pastori anakohoa. Mimi magoti yananidai kila asubuhi. Yule mwanamke ana mikono ya kazi, na tumboni ana mtoto, niliona kabla hajasema.

Nimeandika mpaka penseli imekuwa fupi, na hasira haijapungua, ila imekaa chini kidogo. Sikupi msamaha wala sikuombi. Nimekuja tu kukupa habari za nyumbani, kama mke anavyopaswa. Lala, Baba Deo. Msalimie Deo, umwambie binti yake analima mistari iliyonyooka kuliko yake.

Nakuahidi jambo moja, na wewe unayenijua utapima lilivyo zito. Koku akishasema neno lake kitini hapo, mimi nitanyamaza. Nitakwenda jikoni nikaseme huko na vyungu, lakini mbele yake nitanyamaza. Leo ameniagiza nimfundishe yule mwanamke kumenya ndizi kwa namna yetu, siku ndizi zitakapopatikana. Nakwenda kumfundisha kwa viazi.

Mkeo,
Ma Deo